Picha za wadudu zinatoka na ukungu: anza na umbali, mwanga na saa, lenzi baadaye

Swali: Habari za kazi. Niko Mbezi, Dar, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, mndimu mmoja, mchicha, pilipili na maua maua. Nimependa sana kupiga picha wadudu ila nikisogeza simu karibu picha inatoka na ukungu, na nyuki na vipepeo wanaruka kabla sijabonyeza. Simu yangu ina kamera ya makro ya megapikseli 2 lakini haina lolote. Nimeona lenzi za kubana Kariakoo, ninunue? Au nijichange nitafute kamera kabisa? Na kuna mtu kaniambia niwaweke wadudu kwenye friji kwanza ili watulie, ni sawa?

Jibu: Nzuri dada yangu, na asante kwa swali. Nianze na friji maana hilo ndo limenigusa: tafadhali usifanye. Ni kweli mdudu hana joto lake mwenyewe kama sisi, anategemea la nje, kwa hiyo ukimpoza analegea na hatembei, lakini ukimtoa tu akakutana na hewa ya Dar ilivyo na unyevu mwili mzima unajaa matone, miguu imejikunja, antena zimelala, yaani hata rangi unayoiona sio yake ya siku zote. Anayewajua wadudu akiiona ile picha anajua huyu katolewa kwenye friji. Na wengine hawaamki tena. Usingizi unaoutafuta upo bure bustanini kwako kila siku alfajiri, hata huko Dar ambako usiku hakuna baridi ya maana, nitakueleza huko mbele.

Sasa huo ukungu. Sio kwamba simu mbovu wala mkono wako mbovu. Kila lenzi ina umbali wa chini kabisa wa kushika fokasi, ukiuvuka huo kusogea karibu haishiki tena hata ubonyeze vipi, na simu nyingi kamera yake kuu inagoma ukiwa chini ya sentimita 10 hivi, nyingine hata 15, hasa hizi mpya zenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga). Fanya hivi leo leo: weka kiberiti mezani kwenye mwanga mzuri, soma maandishi yake kwa kamera ukiwa mbali kidogo kisha sogea pole pole mpaka maandishi yaanze kufifia, hapo rudi nyuma kidogo, pima kwa rula. Hiyo ndo namba yako, ikariri. Bustanini usivuke hapo hata mdudu awe mdogo vipi, badala yake vuta mara 2 kwenye skrini au piga hivyo hivyo uje ukate picha baadaye. Kama kamera kuu ni ya megapikseli 50 na simu inakuruhusu kupiga kwa 50 zote, na jua lipo, piga kwa hizo zote, kipande cha katikati ukikikata bado kitakuwa kizuri kuliko ile makro yako.

Na ile makro ya megapikseli 2 umesema haina lolote, niseme tu umeona sawa. Nyingi za aina hiyo hazina fokasi ya kusogea kabisa, kiwandani imefungwa sentimita 4 hivi, ukiwa 3 ukungu, ukiwa 6 ukungu, na sensa yenyewe ni ndogo mno, kivuli kikipita tu picha inajaa chenga. Waliiweka ili simu ihesabike ina kamera tatu. Ni tofauti na simu ambazo ile kamera pana (ultrawide, inayochukua eneo kubwa) ndo inayofanya makro na ina fokasi ya kweli, kama iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 iliyoshuka mpaka sentimita 2. Siku ukibadilisha simu hilo ndo la kuuliza dukani, kamera pana inashika fokasi au haishiki, usiulize ina kamera ngapi.

Lenzi za kubana, ndiyo, nunua, ila sio yoyote. Wauzaji wanaandika 10x, 15x, 20x, wewe jua kitu kimoja tu, kadiri namba inavyopanda ndivyo unavyolazimika kumsogelea mdudu. Hesabu yake ni nyepesi: lenzi yenye nguvu ya dayopta 10 (dayopta ndo kipimo chenyewe cha nguvu ya lenzi) inataka uwe kama sentimita 10 kutoka kwa mdudu, ya dayopta 20 sentimita 5. Zile za bei ya chini zilizoandikwa 15x mara nyingi zinakutaka sentimita 2 au 3, umbali huo nyuki hakai, na hata akikaa simu yako yenyewe inamtilia giza. Kwa hiyo ukifika dukani ijaribu pale pale, bana kwenye simu yako, elekeza kwenye noti, angalia unaanza kuona vizuri ukiwa mbali kiasi gani, na angalia pembeni za picha kama maandishi hayajavutika na kuwa na kingo za zambarau. Inayoshika kwenye sentimita 5 mpaka 8 chukua. Na uhakikishe klipu inakaa katikati kabisa ya ile kamera kuu, maana ikikaa upande milimita kadhaa tu nusu ya picha inaharibika na utadhani lenzi ni feki.

Ila nisikudanganye, lenzi peke yake haitakutoa. Kuna jambo linaitwa kina cha fokasi, yaani ule unene wa eneo linaloonekana kali kwenye picha, na ukiwa karibu sana unakuwa mwembamba mno. Kwa kamera kubwa ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi kwenye sensa, f/8 (f ni tundu la lenzi linalopitisha mwanga, namba ikipanda tundu linakuwa dogo), unapata kama milimita 1 tu. Milimita moja! Jicho la nzi likiwa kali, mabawa yameshapotea. Simu ina unafuu kidogo kwa sababu sensa yake ni ndogo lakini ukishabana lenzi na wewe unaingia humo humo. Ndo maana cha kwanza ni kuamua nini kiwe kali, na jibu karibu siku zote ni jicho, picha ya mdudu ambaye jicho lina ukungu hata kama bawa limetoka vizuri macho ya mtazamaji hayana pa kutulia. Cha pili ni pembe: ukitaka mwili wote uonekane basi simu iwe sambamba na mwili wake, kipepeo aliyefunga mabawa mpige ubavuni kabisa, aliyeyafungua mpige kutoka juu kabisa, ukikaa kati kati hapo unapoteza pande zote.

Na usiiachie simu itafute fokasi yenyewe. Bonyeza na ushikilie kidole kwenye skrini mpaka ijifunge, simu nyingi zinakubali, shusha mwanga kidogo kwa kile kijua kinachotokea pembeni ili sehemu za kung'aa zisiungue, halafu songa wewe mwenyewe mbele na nyuma pole pole, milimita kwa milimita, huku unapiga picha mfululizo. Utapata picha nyingi za kufuta na moja kali, hivyo ndivyo kazi hii inavyofanyika hata kwa wenye kamera za mamilioni, usivunjike moyo. Upepo ukiwepo, shika jani au kikonyo kwa vidole vya mkono wa kushoto kisha simu iegemeze juu ya mkono huo huo, hapo mdudu, jani na simu vyote vinatikisika pamoja na fokasi inabaki palepale. Au chomeka ujiti ardhini pembeni ya ua, ubane kikonyo kwa kibanio cha nguo, unapiga umetulia.

Mwanga sasa, na hapa ndo ningependa ukae zaidi maana ndo panapotenganisha picha na picha. Saa 6 mchana Dar jua liko juu kabisa ya kichwa, mdudu mgongo unaungua tumbo jeusi, na kila kinachong'aa, mbawakawa, nyigu, sisimizi, kinakuwa na vidoa vyeupe vinavyofuta rangi yote. Piga saa 12 na nusu mpaka saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 na nusu jioni, au siku ya mawingu muda wowote. Ukilazimika kupiga kwenye jua kali weka kitu cheupe chembamba kati ya jua na mdudu, karatasi ya kuokea keki, kipande cha shuka jeupe, hata dumu la plastiki jeupe ulilolikata ubavu. Upande wenye kivuli simamisha karatasi ya A4 nyeupe iurudishe mwanga chini ya tumbo. Hiyo karatasi tu, haina gharama, utashangaa ghafla unaona miguu na vinyweleo ambavyo hukujua kama vipo. Ile flashi ya simu usiiwashe karibu, mwanga wake unatoka kwenye kitundu kidogo na unapiga moja kwa moja, ukihitaji taa tumia tochi ya simu nyingine kupitia karatasi, na isogeze karibu na mdudu uwezavyo bila kuingia kwenye picha, kwa sababu taa ikiwa karibu inakuwa kubwa kwa mdudu, na taa kubwa ndo inayotoa mwanga laini.

Kuhusu wadudu kuruka kabla hujabonyeza. Macho ya wadudu wengi hayaoni mambo madogo madogo vizuri kama yetu lakini kwa kuona kitu kinachosogea yametupita mbali, nzi anaona mwendo wako ukiwa vipande vipande. Kinachomfukuza ni viwili, kivuli chako kumpitia na mkono kukatiza mbele yake. Basi ingia ukiwa chini, magoti ardhini, simu imeshawashwa na ipo mbele ya uso tangu ukiwa mbali, jua lisiwe mgongoni moja kwa moja, na nenda mbele yaani kuelekea kwake tu, usiyumbe kushoto na kulia. Akiacha kula au kujisafisha akatulia ghafla, na wewe simama. Akiendelea, endelea.

Ila cha maana kuliko hayo yote ni kumjua mdudu mwenyewe anafanya nini saa ngapi, na wewe bustani yako imeshakupa nusu ya kazi kwa huo mndimu. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezunguka zunguka mindimu na michungwa ni Papilio demodocus. Anataga yai moja moja la manjano hafifu kwenye majani machanga kabisa ya kileleni. Kiwavi akitoka anakuwa mweusi mwenye baka jeupe, ukimwona utadhani kinyesi cha ndege na ndo lengo lake, ndege naye adhani hivyo hivyo. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa kichwani anatoa pembe mbili laini zinazoelekea wekundu zenye harufu kali, hiyo picha ni ya kuitafuta lakini mguse mara moja tu, kila akizitoa anatumia nguvu. Baadaye anajifunga kwa uzi kwenye kijiti anakuwa pupa aliyetulia ndani ya ganda, anakaa wiki mbili hivi kutegemea na joto, na kwa anayepiga picha huyo ndo zawadi, kwa sababu ganda likianza kuwa jeusi na rangi za mabawa kuonekana kwa ndani ujue anatoka muda wowote, mara nyingi kesho yake asubuhi. Akishatoka mabawa yamekunjamana na yamelowa, anayasukumia damu yanyooke, na muda wote huo hawezi kuruka, unampiga utakavyo, mbele, ubavuni, kwa karatasi na bila karatasi. Mti mkubwa haudhuriki kwa viwavi wachache, waachie matawi mawili matatu.

Nenda kwenye pilipili, geuza majani ya kileleni. Vidukari watakuwepo karibu kwa uhakika, ni wadogo, milimita 1 mpaka 3, hawaruki kirahisi, na jike anazaa watoto hai bila hata kupandwa, ukitulia na lenzi yako hapo utaona kabisa mtoto anatoka akitanguliza nyuma. Utaona na sisimizi wanawapapasa kwa antena ili watoe tone la maji matamu. Kwa mtu anayejifunza fokasi sijaona shule nzuri kuliko hiyo, mdudu hakimbii, unarudia unavyotaka. Ila ukishapiga dawa ya wadudu kwenye pilipili umemaliza kila kitu, na wale wanaowala hao vidukari pia wanakufa, mi ningekuomba kwa hiyo kona moja uache dawa na uache na magugu kidogo yasifyekwe, tridaksi na ndugu zake, utaona wanavyoongezeka.

Nyuki sasa. Kuna nyuki wanaoishi peke yao, Amegilla, wenye tumbo lenye mistari, wengine ya buluu inayong'aa, mchana ukimfuata hatulii maana anasimama hewani sekunde moja na kuhama. Lakini madume yao usiku yanalala nje, kila mmoja ameng'ata kikonyo kikavu kwa taya na kuning'inia hapo, na mara nyingi wanarudi eneo lile lile jioni baada ya jioni. Zunguka saa 12 jioni uangalie vikonyo vikavu na nyasi ndefu, ukiwaona weka alama, rudi alfajiri kabla jua halijawagusa. Unapiga nyuki aliyelala, mwenye umande, hajapozwa na mtu yeyote. Hiyo ndo maana yangu niliposema friji huihitaji.

Na ukutani usipapuuze. Yule nyigu mwenye kiuno chembamba anayejenga vyumba vya udongo kwenye kona za dirisha hana ukali wa dondora, anahangaika na kazi yake, anapooza buibui kwa mwiba na kuwajaza kwenye vyumba ili mtoto wake ale. Mtafute pale bomba linapovuja, anakuja kuchukua udongo kwenye tope na anarudi tena na tena, kwa hiyo wewe unashika fokasi kwenye tope mapema unamsubiri. Vivyo hivyo na nyuki wadogo wasiouma kama wamejichimbia ukutani, wana kijimrija cha nta mlangoni na walinzi wanachungulia. Buibui warukao sio wadudu, wana miguu minane, lakini nawataja kwa sababu ndo wanaokugeukia na kukutazama kwenye lenzi kwa yale macho mawili makubwa ya mbele. Vunjajungu naye, ukikuta kidoa cheusi kwenye jicho lake kinakufuata kila unakohamia, ile sio mboni, ni vile vijicho vidogo vingi vinavyounda jicho lake, vilivyoelekea kwako moja kwa moja vinavyomeza mwanga bila kuurudisha. Mpige kidoa kikiwa katikati ya macho yote mawili, anakuwa kama anakuangalia wewe.

Usiku tundika shuka jeupe kibarazani na taa mbele yake, nondo watakuja, balbu za LED huwa zinavuta wachache kuliko za zamani lakini msimu wa mvua bado wapo wa kutosha, na mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi watajaa. Hapo uwe macho na yule mdudu mwembamba mwenye wekundu na weusi, tumbo anainua juu, wanamwita Nairobi flai. Hang'ati wala hachomi, sumu iko ndani ya mwili, akikutua shingoni ukamponda ngozi inababuka vibaya, basi mpulizie aondoke, na ukihisi umemgusa osha kwa sabuni na usishike macho. Viwavi wenye manyoya usiwaokote kwa mkono. Maji moto wa kwenye mwembe wapige kwa kuvuta kutoka mbali, usiegemee tawi lao, na mizinga ya nyuki wakali na viota vya dondora usivisogelee kwa ajili ya picha, hakuna picha yenye thamani hiyo.

Kamera sasa. Kwa ulipo leo, usinunue bado. Piga kwa simu na klipu misimu miwili, masika na kiangazi, ukiona bado unaamka saa 12 kwa ajili ya wadudu hapo ndo utafute kamera ya mtumba yoyote yenye lenzi ya kubadilisha, hata ya miaka 10 iliyopita inatosha. Usikimbilie lenzi ya makro. Kuna Raynox DCR-250, ni lenzi ya dayopta 8 inayobanwa mbele ya lenzi nyingi za kawaida, zile zenye uzi wa milimita 52 mpaka 67. Kuna mirija mitupu ya kuongeza kati ya kamera na lenzi, haina kioo, lenzi ya 50mm ukiiongezea mirija ya jumla ya 50mm unapata mdudu kwa ukubwa wake halisi. Na kuna kuigeuza lenzi kinyume kwa pete maalumu, hiyo ndo rahisi kuliko zote, ila chukua lenzi ya zamani yenye pete ya kubadili f kwa mkono, maana hizi mpya ukizigeuza kamera haiongei nazo tena na huwezi kulibadili tundu. Bajeti inayobaki yote weka kwenye flashi na kitambaa cha kulainisha mwanga. Flashi kwenye nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi mno, sehemu ya elfu kumi ya sekunde hivi, inagandisha mtikisiko wote, unaweka f/8 au f/11, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100 au 200, na unapiga ukiwa umesimama bila stendi. Usipande f/16 na f/22 ukidhani utapata kina zaidi, kwa karibu hivyo mwanga unajipinda kwenye kitundu na picha nzima inalainika.

La mwisho, hizo picha zipandishe iNaturalist, tovuti na app ya kutambua viumbe, watu wanaozijua spishi watakusaidia majina, na wape picha tatu za kila mdudu, juu, ubavu na uso, pamoja na mmea aliokuwa juu yake, maana kwa picha moja ya uso hata iwe kali vipi mara nyingi jina halipatikani. Unapopandisha chagua kuficha sehemu halisi, kwa sababu hapo ni nyumbani kwako na simu inaandika lokesheni kwenye kila picha.